Mtoto anaandika Kiingereza asomwe na nani?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mi ni mwalimu wa Kiingereza, kazi hii nimeifanya miaka mingi, na naandika kwasababu nimechoka kusikia mabishano yaleyale kila siku. Huyu anasema intaneti itawafundisha watoto Kiingereza hata bila mwalimu, yule anasema simu ndo zimewamaliza kabisa hata sentensi nzima hawawezi kuandika, na hapo katikati hakuna anayeuliza swali ambalo kwangu ndo lenyewe: mtoto akiandika Kiingereza, anamwandikia nani?

Kila aliyepita shuleni anaijua safari ya insha. Mwalimu anaandika kichwa cha habari ubaoni, wanafunzi wanajaza ukurasa, madaftari yanakusanywa, mwalimu anapita na kalamu nyekundu, yanarudi na namba juu, mwanafunzi anaiangalia namba anafunga daftari, imeisha hiyo. Aliyeisoma ni mtu mmoja tu, na huyo mtu mmoja hakuisoma ili ajue kilichotokea, alikuwa anatafuta makosa. Sasa fikiria wewe ungekuwa unaongea na mtu ambaye hata siku moja hajibu ulichosema, anakurekebisha matamshi tu, ungeendelea kuongea naye kwa muda gani?

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike, kila insha anaandika mistari minane, haizidi haipungui. Nikamuita nikamuuliza mbona unaishia hapo kila siku, akaniambia kwa heshima zote, mwalimu nikiandika mingi ndo nakosea mingi. Nilikosa la kumjibu maana hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, mi mwenyewe ndo niliyemfundisha hiyo hesabu kwa ile kalamu.

Muda si mrefu baada ya hapo nikafungua blogu ya darasa, kitu kidogo tu cha bure, na nikaongea na mwalimu mwenzangu wa shule nyingine ili wanafunzi wake wawe wanasoma ya wangu na wangu wanasoma ya wao. Yule binti akaandika sentensi nne kuhusu paka aliyeingia kwao usiku wa mvua akalala mlangoni. Sentensi nne zenye makosa kama matano hivi, na mi sikugusa hata moja. Kesho yake kuna mtoto wa ile shule ya pili, hawajuani wala hawajawahi kuonana, akamwachia komenti ya maneno matatu: "Did it stay?" Basi. Yule binti akanifuata hadi ofisini kuniuliza, mwalimu, ile sauti anayotoa paka akiwa ametulia ukimpapasa, Kiingereza inaitwaje? Nikamwambia ni purr. Jamani, alikuwa hajawahi kuniuliza neno kwasababu analihitaji, siku zote alikuwa anajifunza maneno kwasababu yako kwenye orodha. Jibu aliloandika lilikaribia ukurasa mzima, na lile neno lilikuwemo mara tatu.

Naomba nieleweke hapa, blogu kama blogu haina maajabu yoyote na hata wazo lenyewe sio jipya. Mwaka 1924 huko Ufaransa, kwenye kijiji cha Bar-sur-Loup, mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani, watoto wakawa wanapanga herufi za chuma kwa mikono yao, wanachapa habari zao wenyewe, za nyumbani, za mashambani, za walichokiona njiani, alafu kurasa zile zinatumwa kwa posta kwa watoto wa shule nyingine mbali kabisa upande wa Bretagne na wao wanatuma za kwao. Miaka mia imepita sasa. Hakukuwa na umeme wa kuchaji simu wala nini, kulikuwa na mtoto anayejua kwamba kuna mtoto mwenzake anasubiri barua. Neno weblog limekuja mwaka 1997, likafupishwa kuwa blog mwaka 1999, na mwaka huohuo Blogger ikafunguliwa, ndo mtu wa kawaida akaweza kuchapisha maandishi yake bila kujua HTML, ile lugha ya kompyuta ya kutengenezea kurasa za mtandao. Yaani kilichobadilika ni kwamba ile mashine ya Freinet sasa ipo mfukoni, na barua inafika kabla mtoto hajakaa chini.

Walimu wa Kiingereza waliliona hili mapema tu. Mwaka 2003 Aaron Campbell aliandika makala ambayo mpaka leo inatajwatajwa, akazigawa blogu za darasani mafungu matatu: ya mwalimu, ya mwanafunzi mmojammoja, na ya darasa zima. Mi nimejaribu zote na ntasema ninavyoona. Ya mwalimu mara nyingi inageuka ubao wa matangazo, mwalimu anaweka kazi na linki, watoto wanapita wanachukua wanaondoka, hakuna maongezi pale. Ya kila mwanafunzi ni nzuri sana ila kwa waliokwisha kuzoea, maana ukifungua 40 kwa mpigo 35 zitakufa ndani ya mwezi na hakuna kinachomkatisha mtoto tamaa kama ukurasa wake mwenyewe ambao hakuna anayekuja. Anza na ya darasa. Moja tu, ila iwe na watu.

Sasa suala la makosa, na hapa ndo walimu wenzangu wananijia juu. Wanasema unawezaje kuacha Kiingereza kibovu kikae hadharani? Wasomi wenyewe hawajakubaliana kwenye hili, John Truscott mwaka 1996 alisema waziwazi kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe, na Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba amekwenda mbali mno, na ubishi ukaendelea. Mi msimamo wangu umetoka kazini: kwenye komenti, mwalimu na mwanafunzi wote tunajibu kilichosemwa, tunauliza, tunashangaa, tunabisha. Makosa yana sehemu yake na siku yake. Nayakusanya wiki nzima, nachagua mawili matatu yanayojirudia kwa wengi, sitaji ni ya nani, tunayafanyia kazi darasani, alafu kila mmoja anarudi kwenye posti yake mwenyewe anarekebisha. Hii ya kurudi na kurekebisha ndo faida kubwa ambayo daftari halina, daftarini ukifuta panachafuka na insha ikishapata namba nani anairudia?

Na ukiyakusanya hivo utaona kitu kizuri sana, kwamba makosa ya watoto wetu mengi hayatokani na uvivu, yanatoka ndani ya Kiswahili chenyewe kinavyofikiri. Mtoto anaandika "my mother he said" kwasababu sisi tuna "a" ya alisema, haijali mama wala baba, kwahiyo he na she kwake ni kitu kimoja mpaka azoee. Anaandika "the teacher he told me" kwasababu mwalimu aliniambia ina hiyo a ndani yake na kichwa chake kinaitafutia nafasi. Anasahau a na the kwasababu Kiswahili hakina vitu hivo na kinaishi vizuri tu bila kuvijua. Na anaandika "I heard a bad smell", na mi nikiisoma nafurahi kabla sijaisahihisha, maana sisi harufu tunaisikia kweli, njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, sikio letu lina kazi nyingi. Ukimwonyesha mtoto kwamba kosa lake lina akili ndani yake, kwamba Kiingereza kimeamua tu kugawa kazi za sikio na pua tofauti, hataliogopa tena na hatalirudia haraka. Ukilipiga mstari mwekundu tu hatajua limetoka wapi.

Kuna zana moja ya mtandaoni naipenda kuliko zote na ni wachache sana wanaoitumia, nayo ni kopasi, yaani ghala kubwa la maandishi na maongezi halisi ambalo unatafuta neno unaona watu wanalitumiaje kweli. Ile ya Kiingereza cha Marekani inaitwa COCA, ilianzishwa na Mark Davies mwaka 2008, sasa ina maneno zaidi ya bilioni moja. Kuna siku darasa langu lilibishana, wengine wanasema "discuss about the problem" ni sahihi wengine wanasema about haitakiwi, na kwa kawaida mi ndo ningeamua. Nikawaambia tafuteni. Wakaona discuss ikifuatwa moja kwa moja na kitu kinachojadiliwa, mistari na mistari na mistari, wakaacha wenyewe ile about bila mi kusema neno. Hapo mwanafunzi amejua mahali pa kuuliza hata siku ambayo mwalimu hayupo, na hiyo kwangu ina thamani kuliko sheria 10 za sarufi alizonakili.

Zana nyingine ntazipitia haraka tu. Kamusi za mtandaoni za wanaojifunza, kama ya Oxford, zinakupa sauti ya neno, ya Uingereza na ya Marekani, na hii kwa sisi tunaosoma kila herufi inavyoandikwa ni msaada mkubwa, maana hakuna mtoto anayeweza kukisia kwamba though, through na tough zote zinakwenda njia tofauti. Anki, programu ya kukumbushia maneno kwa kadi, ni nzuri kama kadi umeandika mwenyewe kutoka kwenye ulichosoma, ukidaunilodi kadi 5,000 za mtu mwingine utachoka wiki ya pili. Michezo ya maswali ya kushindana inachangamsha darasa siku ya Ijumaa, sina ubaya nayo, ila tusijidanganye, kubonyeza jibu sahihi kati ya manne sio kuandika na sio kuongea. Na za kusikiliza zipo nyingi mno, kusikiliza Kiingereza cha pole pole hakujaanza na intaneti, VOA walikianza redioni tarehe 19 Oktoba 1959 kwa maneno kama 1,500 hivi, wasomaji wakubwa mtakuwa mnakumbuka ile sauti.

Sasa nije kwenye akili mnemba maana najua mnasubiri. Tangu ChatGPT itoke tarehe 30 Novemba 2022 kila kikao cha walimu kinaishia huko, insha zinakuja safi kama zimepigwa pasi na mwenye insha ukimuuliza neno la mstari wa pili halijui. Tatizo lipo, silikatai. Ila dawa waliyoikimbilia wengi, zile programu za kukamata maandishi ya mashine, inaumiza watoto wasio na hatia na wanaoumia zaidi ni haohao tunaowafundisha sisi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu 7 za namna hiyo, na kwa wastani zaidi ya nusu ya zile insha zikaambiwa zimeandikwa na mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani wazawa wa lugha zikapita karibu zote. Sababu yake ni rahisi kuielewa, hizi programu zinashuku maandishi yenye maneno ya kawaida yanayofuatana kama ilivyotarajiwa, na mtu anayejifunza lugha anaandika hivohivo, kwa maneno machache anayoyaamini.

Naandika hili kwa uchungu kwasababu mi mwenyewe nilishamshuku kijana mmoja. Aya yake ilinyooka mno kuliko nilivyomzoea, nikamwambia mbele ya wenzake hii sio yako. Hakubisha, alinyamaza tu akaangalia meza. Jioni nikafungua historia ya lile andiko maana tulikuwa tunaandikia kwenye hati ya pamoja ya mtandaoni inayotunza kila toleo, nikaona ameiandika aya ile mara 6, kwa siku 4, kila mara anabadilisha neno moja mawili, kuna toleo amelirekebisha saa tano usiku. Nilimwomba msamaha palepale mbele ya wenzake nilipomkosea, na tangu siku hiyo sijatumia tena programu ya kukamata mtu. Natumia historia ya matoleo, na natumia wasomaji. Maana ukishakuwa na blogu yenye watu, mwenzako atakuuliza swali chini ya posti yako, ulimaanisha nini hapa, ilikuwaje baadae, na ukiwa hukuandika wewe utajibu nini? Watoto wanaligundua hili wenyewe haraka sana, kwamba kukopi na kupesti kunamridhisha mwalimu anayetaka ukurasa ujae ila hakumridhishi mwenzako anayetaka kujua kuhusu paka.

Wazazi nao wana hofu na wana haki kabisa. Blogu ya watoto haitakiwi kuwa wazi kwa dunia nzima tangu siku ya kwanza, iwe ya kufunguliwa kwa nywila au kwa walioalikwa, mtoto atumie jina la kwanza tu au jina la kubuni, picha ya sura yake isiwepo, anapokaa pasitajwe, na komenti yoyote isionekane mpaka mwalimu aisome kwanza. Huduma nyingi za mtandaoni zinakataa akaunti za watoto chini ya miaka 13 kwasababu ya sheria ya Marekani ya kulinda taarifa za watoto, kwahiyo kwa wadogo akaunti inakuwa moja ya mwalimu na yeye ndo anayeposti, msimfundishe mtoto kudanganya umri ili afanye homuweki. Mzazi aombwe ruhusa kwa maandishi na aoneshwe ukurasa wenyewe, na mzazi akisema hapana ni hapana, mtoto aandike kwenye karatasi na asomwe darasani kama wengine.

Alafu walimu wenzangu, tunzeni nakala. Kila kitu cha mtandaoni ni cha mwenye nacho. Wikispaces ambayo walimu wengi walijengea kazi zao ilifungwa 2018, Edmodo, mtandao wa walimu na madarasa yao, ikafungwa Septemba 2022, na Flash, programu ya kuendeshea michezo na mazoezi mtandaoni, ilipoondolewa mwisho wa 2020 mazoezi chungu nzima ya Kiingereza yaliyotengenezwa nayo kwa miaka mingi yakawa visanduku vitupu. Mi kila mwisho wa muhula nashusha posti zote, nazichapa kwenye karatasi, tunazibana pamoja zinakuwa kitabu, na hicho kitabu kinakaa darasani. Wanaokuja nyuma wanakigombania kukisoma kuliko kitabu cha kiada, kwasababu wanawajua walioandika.

Najua kuna atakayesema mwalimu unaongea habari za wenye mtandao, sisi darasa zima lina simu moja ya mwalimu. Hilo halikuzuii. Simu moja kwa watu wanne inafanya kazi vizuri kuliko simu nne kwa watu wanne, mmoja anatamka sentensi, mmoja anachapa, mmoja yuko na kamusi, mmoja anasoma kwa sauti kabla haijapostiwa, na hapo wamebishana kwa Kiingereza dakika 20 bila kuambiwa waongee Kiingereza. Na kama hata hiyo moja haipo, chukua ukuta wa nyuma wa darasa. Bandika maandishi, acha nafasi pana chini ya kila karatasi, na kila mwanafunzi kila wiki aache maswali mawili chini ya karatasi za wenzake, na mwenye karatasi lazima ajibu. Nilifanya hivo muhula mzima kompyuta zilipoharibika na sikuona tofauti kubwa kwenye walichoandika, urefu uleule, maswali yaleyale, kelele ileile asubuhi wakikimbilia kuona nani kaandika nini chini ya karatasi yake.

Ombi langu kwa wasomaji wenu ni dogo. Wapo wengi mnaosoma Kiingereza vizuri na mnashinda mtandaoni kila siku. Muulizeni mwalimu wa Kiingereza wa shule iliyo karibu nanyi kama wanafunzi wake wana sehemu yoyote wanapoandika, blogu, gazeti la ukutani, chochote, na kama mwalimu ataridhia muwe mnapita mara moja kwa wiki mnaacha swali moja. Msisahihishe, tunaomba sana, hiyo kazi tunayo watu wa kuifanya. Ulizeni tu kitu ambacho kweli mnataka kukijua.

Yule binti wa paka amemaliza shule sasa. Bado ana ruhusa ya kuingia kwenye blogu ya darasa, na wiki iliyopita nimemkuta ameacha swali chini ya posti ya mtoto wa darasa la chini kabisa aliyeandika sentensi mbili kuhusu baiskeli iliyoibiwa. Ameuliza ilikuwa ya rangi gani. Mpaka naandika barua hii yule mtoto ameshajibu mara mbili, na leo asubuhi amekuja kuniuliza kengele ya baiskeli Kiingereza inaitwaje.

Wenu,
Mwalimu wa Kiingereza na msomaji wenu wa siku nyingi